Rula, kifundo cha mguu, mende au programu: uchague kipi kuonyeshea umeme wa neva

Mada ya neva ina balaa lake. Moyo unaenda buchani unanunua wa mbuzi unaupasua mbele ya darasa, jicho la ng'ombe ukiwahi machinjio ya Vingunguti asubuhi unapata, lakini neva ukiipasua unaona uzi mweupe basi, kazi yenyewe inafanyika kwenye milango midogo isiyoonekana ya ukuta wa seli alafu inaisha ndani ya sehemu kama moja ya elfu ya sekunde. Ndo maana walimu wengi tunaishia kuchora ile grafu ya kupanda na kushuka, madogo wanaikariri ilivyo, wanaenda kuimwaga kwenye mtihani, ukimuuliza sodiamu ilitokea wapi anakuangalia tu.

Mimi nafundisha tuisheni, na njia nilizotumia kuonyesha hii kitu kwa vitendo ni nne: rula inayodondoka, mstari wa kuminyana vifundo vya miguu, mguu wa mende, na programu ya kompyuta au simu. Zote zinafanya kazi ila hazijibu swali moja, na hapo ndo watu wanapopoteza hela na vipindi. Kwahiyo kabla hujachagua jiulize unataka kuonyesha nini, mpigo wa neva unavyozaliwa au unavyosafiri, maana hayo ni mambo mawili.

Kuzaliwa kwanza, kwa kifupi. Seli ya neva ikiwa imetulia ndani yake ni kama −70 milivolti ukilinganisha na nje. Potasiamu imejaa ndani, sodiamu imejaa nje, na kuna pampu inatoa sodiamu 3 inaingiza potasiamu 2, inakula nguvu muda wote hata ukiwa umelala. Ukiisukuma ile volteji mpaka kama −55, hicho ndo kizingiti, milango ya sodiamu inafunguka kwa pamoja, sodiamu inaingia kwa fujo, volteji inapanda mpaka +30 hivi, alafu milango ileile inajifunga yenyewe, ya potasiamu inafunguka kwa kuchelewa, potasiamu inatoka na volteji inarudi chini. Milisekunde 1 au 2 mchezo umeisha.

Kusafiri sasa: umeme wa kipande kilichopiga unakisukuma kipande cha jirani nacho kifike kizingiti, kinapiga, kinamsukuma wa mbele yake, na kurudi nyuma hauwezi sababu milango ya nyuma bado imejifunga. Neva yenye mafuta ya mayelini mpigo unazaliwa upya kwenye mapengo ya Ranvier tu, yaani pale mayelini inapokatika, ambayo kwenye neva nene yanaachana kama milimita 1, hivyo kasi inaenda mpaka mita 120 kwa sekunde kwa zile nene kabisa. Zile nyembamba zisizo na mayelini zinakokota, nusu mita mpaka mita 2 kwa sekunde. Na naomba tuache kuwaambia watoto neva ni waya. Kwenye waya elektroni zinaenda kwa urefu wa waya, kwenye neva ayoni (hizo chembe za sodiamu na potasiamu zenye chaji) zinavuka ukuta kuingia na kutoka, kinachosonga mbele kwa urefu ni zamu ya milango kufunguka. Dogo uliyembebesha waya atakuja kukuandikia kwamba unakimbia kwa kasi ya mwanga.

Haya, tuanze na rula

Rula ndo kipenzi cha wengi sababu ni bure. Mmoja anashika rula ya sentimita 30 kwa juu, mwenzie anaacha vidole wazi kwenye sifuri, inaachiwa ghafla anaidaka, unasoma sentimita unabadilisha kuwa muda. Ikidondoka sentimita 10 ni kama sekunde 0.14, sentimita 20 ni 0.20, ikipita yote 30 bila kudakwa ni karibu 0.25 na hapo mwambie akalale mapema. Darasa linachangamka, kila mtu anataka kumpiku mwenzie.

Shida ni kwamba rula haipimi neva. Nimeshaona hesabu ya mtoto amepima kutoka jichoni mpaka kidoleni akapata kama mita moja, akagawa kwa 0.2, akaandika kasi ya neva ni mita 5 kwa sekunde, na mwalimu kaweka tiki. Si kweli hata kidogo. Katika ile sekunde 0.2 safari ya kushuka kutoka kichwani mpaka mkononi inakula kama 0.02 tu, iliyobaki yote ni jicho kugeuza mwanga kuwa ishara (na jicho ni zito kwenye hilo), ubongo kuamua, na msuli kukaza. Kwahiyo rula chagua kama unataka kuongelea ubongo, uchovu, pombe, au dereva wa bodaboda anayechati huku anaendesha, hapo inafaa sana. Na jaribu pia kumfumba macho umwambie "sasa" wakati unaachia, wengi wanadaka mapema zaidi kuliko kwa kuona. Kwa kasi ya neva iache.

Mstari wa vifundo, na hapa nina upendeleo

Hii haijulikani sana hapa kwetu na sijui kwanini, maana haili hata mia na inatoa jibu la kweli. Unachukua watu wengi, thelathini au arobaini, darasa la Dar halikosi idadi hiyo hata nusu ikichelewa. Wakae mstari mmoja, macho wamefumba, kila mmoja kashika bega la wa mbele yake. Wa mwisho nyuma anabonyeza saa ya simu palepale anapominya bega, aliyeminywa anaminya wa mbele, inaenda hivyo mpaka wa kwanza kabisa anapiga kelele, saa inasimamishwa. Mnarudia mara kadhaa mpaka muda utulie, maana mwanzoni wanacheka na wanasinzia. Alafu mnafanya kilekile ila safari hii kila mtu anashika kifundo cha mguu cha mwenzie badala ya bega.

Kila kitu kiko sawa kwenye raundi zote mbili, ubongo ule ule, mkono ule ule, msuli ule ule. Kilichoongezeka ni njia kutoka kifundoni mpaka usawa wa bega. Kwahiyo ukitoa muda wa bega kwenye muda wa kifundo vile vya ubongo na msuli vinakatana vyenyewe, kinabaki muda wa kusafiri. Tuseme ni watu 40, bega limechukua sekunde 8.0 na kifundo 8.8. Tofauti ni 0.8, gawa kwa 40 unapata 0.02 kwa kila mtu. Umbali ulioongezeka kwa mtu wa kawaida tuseme mita 1.1. Gawa, ni mita 55 kwa sekunde, na hiyo ndo mitaa ya neva za mguso kwa binadamu kweli. Hesabu hii ya kutoa sehemu ya karibu kwenye ya mbali siyo ya kubumba, mwanasayansi Mjerumani Helmholtz alitumia akili hiyohiyo kwenye mguu wa chura mwaka 1850, alishtua neva karibu na msuli, akaishtua mbali na msuli, akalinganisha, akapata mita zinazokaribia 30 kwa sekunde wakati wakubwa wa enzi zake walidhani kitu hicho hakipimiki kabisa.

Udhaifu wake upo. Mtu mmoja anatofautiana na nafsi yake kwa zaidi ya hiyo 0.02 kila raundi, ndo maana watu kumi hawatoshi, mtapata namba za ajabu, hata kifundo kuwa haraka kuliko bega inatokea. Alafu watu wanazoea, raundi ya tano ni haraka kuliko ya kwanza, kwahiyo usifanye bega zote kwanza ndo uje kifundo, pishanisha. Na mambo ya adabu, mabinti wawe na mstari wao na wavulana wao, kushikana vifundo mchanganyiko kutakuletea mzazi getini. Wenye sketi wakae kwenye benchi miguu pembeni, anayeshika akae chini, inaenda fresh.

Kitu ambacho mstari hauonyeshi kabisa ni mpigo wenyewe. Unajua imechukua muda gani, hujui nini kimepita.

Mende

Kusikia neva ikipiga kwa masikio yako hakuna kinachofikia mende, na Dar mende hatununui. Ikinyesha tu wale wakubwa wekundu wanapanda kutoka kwenye chemba wenyewe. Unamtia kwenye maji ya barafu mpaka atulie kabisa, unamkata mguu mmoja wa nyuma karibu na mwili, unachoma pini mbili nyembamba, moja juu kabisa ya mguu na nyingine kwenye paja, unaunganisha na amplifaya ndogo ya betri na spika. Alafu unachukua kijiti cha meno unagusa ile miba ya chini. Kraa! Ukiacha, kimya. Kila mwiba wa mguso una neva yake kwa chini, ukiupinda neva inapiga.

Mara ya kwanza kuwasikilizisha dogo mmoja aliniuliza, "Ticha, mguu si umeshakatwa, umekufa huo, mbona unaongea?" Swali zuri kuliko maswali yote ya kitabuni. Jibu ni kwamba sodiamu bado imejaa nje na potasiamu ndani, tofauti hiyo haiishi kwa dakika moja, kila mpigo unatumia ayoni chache sana, na mdudu anapitisha hewa kwenye vijibomba mpaka mguuni hivyo seli zinaendelea kula oksijeni hata mguu ukiwa mezani peke yake. Mguu unaweza kuendelea kwa saa nzima na zaidi usipoukausha.

Na hapa ndo kuna lile somo ambalo grafu ya ubaoni hailifikishi. Gusa mwiba kidogo, unasikia mlio mmojammoja. Ukandamize zaidi, milio inakuwa mingi, ila kila mlio una ukubwa uleule. Ukiwa na simu yenye programu ya kuchora mawimbi unaona kabisa vijiti vinabanana lakini havirefuki. Neva haisemi "kwa nguvu" kwa kupiga mpigo mkubwa, inapiga mara nyingi zaidi. Ukishikilia bila kuachia, milio inapungua yenyewe, neva imezoea, kama unavyosahau umevaa saa.

Sasa gharama. Kuna kiboksi kinaitwa SpikerBox cha Backyard Brains wa Marekani kimetengenezwa kwa kazi hii, ila kukileta mpaka Dar ni hela na kusubiri. Fundi wa redio anaweza kukuundia amplifaya ila mwambie ukweli, umeme unaoupata kwa pini za nje ni makumi mpaka mamia ya mikrovolti, siyo zile milivolti 100 za kwenye grafu, zile zinapatikana kwa kuingiza sindano ya kioo ndani ya seli. Umeme mdogo hivyo unamezwa kirahisi. Ukikaa chini ya taa ya tyubu au karibu na chaja utasikia mmm ya hezi 50 ya umeme wa ukutani na mende hutomsikia, kwahiyo tumia betri, zima taa, chomoa chaja, na kama mtaa umekatika umeme siku hiyo ndo siku yako ya bahati.

Huna amplifaya? Geuza kibao. Chukua earphone mbovu kata waya, menya, waya mbili zifunge kwenye zile pini, chomeka kwenye simu weka muziki wa singeli volumu juu. Mguu unacheza! Besi ndo inafanya kazi, sauti nyembamba mguu unazipuuza. Ukipunguza volumu polepole kuna mahali unafika mguu unagoma kabisa, umeshuka chini ya kizingiti, umeonyesha kizingiti bila kuchora chochote. Ni uzao wa jaribio la mwanasayansi Galvani wa Bologna, Italia, na miguu ya vyura, aliloliandika mwaka 1791. Ila ni simu tu, tena yenye tundu la earphone, usije ukaunganisha na redio kubwa iliyochomekwa ukutani.

Onyo moja: mende aliyepuliziwa dawa usimtumie. Dawa nyingi za kupulizia ni pairethroidi, zinafuata kemikali ya pareto, ile inayolimwa Iringa na Mbeya, na kazi yake ni kuizuia milango ya sodiamu isijifunge kwa wakati. Neva inapiga ovyo bila kuguswa, ndo ile mende kulala chali anarusha miguu. Ukimtumia utasikia makelele tangu mwanzo na hutojua kipi ni chako. Labda kama unataka hasa kuonyesha hiyo, basi tafuta wawili, mzima na aliyepuliziwa, uwaweke kwa zamu.

Mende hafai kwa wenye kinyaa, na hilo usilidharau, kuna wanafunzi wawili watatu kila darasa watatoka nje na mada yote imewapita. Pia hafai kwa kasi, mguu ni mfupi mno. Na watu sabini hawawezi kuzunguka mguu mmoja, zaidi ya kikundi cha kumi ni fujo.

Programu

Kwa kuonyesha sababu ya mambo, yaani kwanini volteji inapanda, kwanini inashuka, ni programu tu ndo inakupa. PhET ya chuo cha Colorado wana moja ya nyuroni, ya bure, unaipakua mara moja alafu inafanya kazi bila bando, unabonyeza unaona ayoni zinapita kwenye milango huku grafu inajichora pembeni. Hiyo inatosha kidato cha tatu na cha nne. Kwa kidato cha sita na wa mwaka wa kwanza chuoni ipo MetaNeuron, ya bure pia ila inataka kompyuta, na humo unabadilisha mwenyewe kiasi cha sodiamu na potasiamu, joto, na kadhalika.

Uzuri wake unaweza kufanya ambayo kwenye mwili ni kifo. Weka milango ya sodiamu sifuri, unabonyeza, hakuna mpigo. Hapo ndo unawaambia samaki bunju anachofanya, sumu yake tetrodotoksini inaziba milango hiyo kwa nje, msuli wa kupumua unakosa amri. Na ganzi ya daktari wa meno, lidokeini, nayo inaziba milango ya sodiamu, ila pale alipochoma na kwa muda. Kitu kimoja kimeua mtu na kingine kimemng'oa mtu jino bila maumivu, mwanafunzi hasahau.

Ubaya ni kwamba kila kitu kinatii. Hakuna kelele, hakuna mguu unaochoka, na mtoto anaondoka akidhani neva ni katuni. Na angalia joto. Programu nyingi za daraja la juu ndani yake zina milinganyo ya wanasayansi Hodgkin na Huxley ya mwaka 1952, waliyoitoa kwenye aksoni (uzi mrefu wa seli ya neva) nene ya ngisi huko Plymouth, Uingereza, ikawapa Nobel 1963, na namba zao za msingi ni za nyuzi 6.3. Ngisi wa maji baridi. Ukiacha hivyo mpigo unaonekana mnene na wa kujivuta, ukipandisha mpaka joto letu unakuwa mfupi na mwembamba. Kuna aliyeniuliza si tununue tu ngisi soko la samaki la Feri tufanye wenyewe, maana aksoni yake inakaribia milimita moja unaiona kwa macho. Akifika Feri neva ilishakufa zamani, wa kwenye mchuzi huyo.

Basi kwa wanaotaka niseme moja kwa moja. Darasa kubwa, shule haina umeme wala maabara, kipindi kimoja: vifundo, usiumize kichwa. Klabu ya sayansi au kikundi kidogo chenye mwalimu asiye na kinyaa: mende, hata kama ni wa singeli tu, na hiyo ndo wataisimulia mpaka uzeeni. Una vipindi viwili, mende kwanza ndo programu, siyo kinyume, sababu ukianza na programu mende anaonekana ni mchezo, ukianza na mende programu inakuwa jibu la swali wanalolitaka. Rula waachie wa kidato cha kwanza.

Na wewe unayejisomea peke yako hosteli, huna darasa wala mende, pakua ile ya PhET alafu fungua kikokotoo cha simu chenye log. Potasiamu nje ni 5, ndani 140, kwa milimoli kwa lita. Andika 61.5 × log(5 ÷ 140), hiyo 61.5 ni namba ya kudumu kwa joto la mwili, utapata kama −89 milivolti, hapo ndo potasiamu peke yake ingependa seli ikae. Fanya na sodiamu, 145 nje na 15 ndani, inakuja kama +61, na seli muda wote inavutwa kati ya hizo mbili kutegemea milango ipi iko wazi, ikitulia inakaa karibu na potasiamu, ikipiga inakimbilia kwa sodiamu. Sasa badilisha ile potasiamu ya nje kutoka 5 iwe 10, mara mbili tu. Inatoka −89 inakuja kama −70. Moyo nao unatumia volteji za namna hii, kwahiyo ukisikia hospitali wanamkimbiza mgonjwa wa figo sababu potasiamu imepanda kwenye damu, utakuwa unajua wanakimbia nini.